Helmeti ya kuweldi inayojitia giza yenyewe: ndani iko nini, na inalinda macho kweli?

Geti_na_Grili:

Wadau habari za jioni. Nina karakana ndogo hapa Kariobangi Light Industries, kazi yetu ni mageti, grili za madirisha, na ngazi za kuzunguka mara moja moja tukipata oda. Majuzi nikanunulia vijana helmeti zile za otomatiki, ile unaona kupitia kioo cha kijani kijani halafu ukigusisha tu rodi kinakuwa cheusi tii chenyewe, mbele iko na kisola na kando vidude vya kuzungusha. Elfu tatu na kitu kila moja, duka fulani tu huko tao. Kabla ya hapo mmoja alikuwa anatumia miwani ya jua na mwingine ile ngao ya kushika na mkono, mnajua jua kali vile huwa.

Sasa wiki jana kijana mmoja akaamka usiku macho yamejaa mchanga, machozi yanamwagika, taa hawezi kuiangalia, na mchana kutwa alikuwa na helmeti mpya. Mwenzake ako na helmeti ya aina ile ile na hana shida yoyote. Karakana imegawanyika. Kuna mmoja anasema hicho kioo ni LCD ya kalkuleta tu, ati plastiki ya kalkuleta itazuiaje moto ya weldingi, na siku betri ikiisha kioo kitabaki cheusi mtu ajigonge kwa vyuma. Mwingine anasema ni sawa ila nimeuziwa feki. Mimi nataka mtu anayejua aniambie ndani ya hiyo kitu kuna nini hasa, na kama kuna njia ya kupima hapa hapa karakana bila kupeleka maabara, kwa sababu kama ni ya kutupa nitatupa leo, pesa itatafutwa, macho ya mtu hayanunuliwi.

---

Mzee_wa_Rodi:

Kijana wangu, mimi nimeshika rodi kabla ya nyinyi wengi kuzaliwa na macho yangu bado yanasoma gazeti bila miwani. Glasi nyeusi namba 11, basi. Haina betri, haina sola, haina kufikiria. Ikivunjika unanunua nyingine Gikomba kwa bei ya chai na mandazi. Hii mambo ya kioo kuamua chenyewe saa ya kuwa giza mimi siiamini, siku itachelewa kuamua utalia.

Lakini kuna kitu nitasema kwa haki: vijana wa leo na glasi nyeusi wanapiga taki, vile vishono vidogo vya kushikiza chuma, wakiwa wameifunua, wanafumba macho ati wamezoea. Hapo ndipo macho huchomeka, sio kwa kuweldi kwenyewe. Muulize huyo kijana wako taki anapigaje.

---

fizikia_254:

Wacha nijaribu kujibu, mimi niko maabara ya fizikia kwa chuo kimoja hapa Nairobi na mambo ya mwanga ndiyo mkate wangu. Itakuwa ndefu, vumilieni.

Huyo anayesema ni LCD ya kalkuleta amesema ukweli nusu, na ile nusu aliyoacha ndiyo imebeba macho ya kijana wako. Ukifungua katriji iliyokufa, yaani kile kioo cha helmeti na vidude vyake (usifungue ya kazi), utapata tabaka kadhaa zimebandikwa pamoja. Mbele kabisa ni plastiki safi ya kukinga cheche, hiyo ni ya kubadilishwa ikichafuka. Nyuma yake kuna glasi iliyopakwa tabaka nyembamba sana za metali, ukiigeuza kwa mwanga wa dirisha inarudisha rangi, mara dhahabu mara pinki. HIYO ndiyo filta ya UV na infraredi, ile miale ambayo jicho halioni. Haina waya, haijui kama betri iko au haiko, inafanya kazi hata helmeti ikiwa imelala kwa boksi. Halafu nyuma ya hiyo filta ndiyo inaanza LCD yenyewe: filamu ya polaraiza, seli ya fuwele kioevu, polaraiza nyingine, mara nyingi seli ya pili tena na polaraiza ya tatu.

Kwa hivyo kuna kazi mbili. Kuzuia ile miale isiyoonekana, hiyo ni ya glasi ya mbele saa zote. Kupunguza mwangaza ule unaouona, hiyo ni ya LCD, na ndiyo inayohitaji stima. Watu huchanganya hizi mbili halafu wanabishana mpaka usiku.

LCD inatia giza vipi? Mwanga wa kawaida unatikisika pande zote. Polaraiza inaruhusu mtikisiko wa mwelekeo mmoja tu, ule mwingine inaumeza. Weka polaraiza mbili, ya pili izungushe robo mzunguko, hakuna kitu kinapita, karibu giza kabisa. Sasa katikati yao weka fuwele kioevu, yaani kimiminika chenye molekyuli ndefu ndefu ambazo zinajipanga kwa mpango badala ya kuzagaa ovyo. Kwa seli za aina hii zimepangwa zikijipinda pole pole kutoka glasi ya huku mpaka glasi ya kule, kama vipandio vya hiyo ngazi yenu ya kuzunguka, na mwanga ukipita unageuzwa nazo, ukifika polaraiza ya pili tayari umeelekea sawa, unapita. Ukiweka volti chache molekyuli zinasimama wima, mpindo unaisha, mwanga haugeuzwi tena, unafika unakataliwa. Na hiyo tabaka ya fuwele ni nyembamba, maikromita chache tu, wakati unywele wa kichwa uko kama maikromita 70 hivi.

Umeona hapo? Giza ndilo linataka stima. Betri ikiisha kioo kinarudi kuwa wazi, hakibaki cheusi. Kijana hatajigonga kwa vyuma, shida yake itakuwa kinyume, ataona arki, ule mwanga mkali wa kuweldi, yote mbele yake na atashtuka. Lakini UV bado imezuiwa na ile glasi ya mbele, KAMA iko. Hiyo KAMA ndiyo swali lako la feki, nitarudi.

Kuhusu kasi, Mzee, hizi vitu kwa kawaida zinatia giza kwa karibu sehemu moja ya elfu ishirini na tano ya sekunde. Jicho lako kupepesa tu linataka zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kurudi wazi ndiko huwa pole pole, kuna kidude cha kuchelewesha makusudi ili kioo kisifunguke wakati chuma bado chekundu.

Na sio teknolojia ya jana. Fuwele kioevu zenyewe zilionekana mwaka wa 1888 na mtu wa mimea, Friedrich Reinitzer, huko Prague, alikuwa anachunguza kitu kinachotokana na kolesteroli ya karoti, akakuta kinayeyuka mara mbili, kwa nyuzi 145.5 kinakuwa kama maziwa na kwa 178.5 ndipo kinakuwa maji safi. Alidhani anaota, akamwandikia mwanafizikia Otto Lehmann. Helmeti ya kwanza ya namna hii ikaja kuuzwa na Wasweden mwaka wa 1981. Karoti mpaka weldingi, miaka 93.

---

Luthuli_Screens:

Hapo kwa polaraiza wacha niingie maana hiyo ndio ugali yangu. Niko Luthuli Avenue hapa Nairobi, tunabadilisha screen za simu, dashbodi za nduthi, mita za umeme za watu wa maabara, kila kitu iko na LCD. Watu huleta dashbodi ya nduthi wakisema screen imekufa, namba hazionekani, imekuwa na doa kubwa la hudhurungi katikati, kumbe LCD iko poa kabisa ni filamu ya juu imeungua na jua. Unaibandua, unasafisha gundi na subira nyingi, unabandika polaraiza mpya, mtu anaenda na furaha. Ukiibandika imegeuka robo mzunguko namba zinakuwa nyeupe kwa background nyeusi, kuna machali wa nduthi wanalipia hiyo makusudi ati ni swag.

Hiyo filamu imetengenezwa hivi: plastiki inaitwa PVA, jamii ya ile gundi nyeupe ya shule, inaingizwa ayodini, eeh hiyo hiyo ya kupaka kidonda, halafu inavutwa mpaka inyooke na molekyuli zote zielekee upande mmoja. Edwin Land yule wa Polaroid alitoa hiyo njia mwaka wa 1938 na mpaka leo polaraiza nyingi ni hiyo hiyo. Juu na chini inafunikwa na plastiki ya asetati maana PVA peke yake inaharibiwa na unyevu. Sasa adui wa hii kitu ni joto na unyevu kwa pamoja, ayodini inafifia, filamu inakuwa rangi ya chai ya rangi, inatoa mapovu. Na ile asetati ikianza kuoza inanuka SIKI. Sio utani, kuna mita za zamani nikifungua tu skrubu ya mwisho harufu inanipiga puani kabla hata sijaona kioo, na najua tayari kazi ni gani.

Bosi, kama hizo helmeti zinaanikwa juu ya mabati mchana ama zinawekwa kando ya vyuma vya moto, hapo unaua filamu pole pole. Pima hivi. Chukua kalkuleta ya mtoto wa shule, ile ya kawaida ya LCD. Angalia kalkuleta kupitia kioo cha helmeti, kalkuleta ikiwa upande wa nje, halafu zungusha kalkuleta pole pole. Kuna pembe itafika screen yote inakuwa nyeusi, namba zinapotea. Hapo simama uangalie vizuri. Kama kioo kizima ni cheusi sawasawa filamu ya mbele iko poa. Ukiona kuna kipande kimebaki na mwanga, kona ama katikati, hapo polaraiza imechoka.

Na kwa sababu hiyo hiyo, kijana akivaa miwani ya jua ya polarized ndani ya helmeti anaweza kuona giza tupu ama nusu giza hata kabla hajawasha mashine. Nimeona msee akitaka kurudisha helmeti dukani kwa sababu hiyo.

---

Geti_na_Grili:

Eeeh hapa nimepata shule. Kwa hivyo nikiona polaraiza imechoka unaweza nibadilishia kama ya nduthi?

---

Luthuli_Screens:

Hapana bana, hiyo siguzi. Ya nduthi iko juu, unabandua. Ya helmeti imefungwa kati ya glasi na ziko zaidi ya moja, pembe zimepimwa kiwandani. Nikikosea kidogo wewe utaona helmeti inatia giza tu vizuri, kumbe badala ya shedi 11 (shedi ni ile namba ya giza) iko shedi 8. Nunua katriji.

---

Dada_wa_Macho:

Habari zenu. Mimi ni afisa wa kliniki upande wa macho. Nimeona watu wanaongea juu ya kioo tu, wacha niseme juu ya jicho.

Ile hali ya mchanga usiku ni ngozi ya mbele ya jicho, konea, imechomwa na UV. Haiumi papo hapo, inaanza kama masaa 6 hadi 12 baadaye, ndiyo maana mtu anaweldi mchana anakula vizuri analala halafu saa nane ya usiku anapiga kelele. Mara nyingi inapona yenyewe kwa siku moja au mbili. Tafadhali msimwekee maziwa, wala kipande cha kiazi, wala yale matone ya ganzi ambayo fundi mmoja alipewa kliniki akabaki nayo akawa anagawia wenzake. Hayo matone ni matamu kwa dakika chache lakini yakitumiwa tena na tena yanazuia konea kupona, na jicho lisilo na hisia mtu analisugua bila kujua. Kitambaa baridi juu ya macho yaliyofungwa, dawa ya kawaida ya maumivu ya kumeza, chumba chenye giza, apumzike. Kama baada ya siku mbili hajapata nafuu, ama ni jicho moja tu, ama alikuwa akitumia grinda, aje aonwe, inaweza kuwa ni kipande cha chuma kimekwama hapo.

Sasa unganisheni na alichosema fizikia_254. Kama glasi ya mbele ni ya kweli, basi hata LCD ikikataa kutia giza kijana hapati mchanga wa usiku, atapata mng'ao tu. Akipata mchanga maana yake UV ilifika jichoni kwa njia nyingine. Na njia ninayoiona mara nyingi kwa wagonjwa ni nyuma na pembeni. Mtu ameketi hapa anaweldi, mgongoni mwake mwenzake naye anaweldi, miale inaingia nyuma ya helmeti, inagonga upande wa ndani wa kioo, inarudi machoni. Msaidizi aliyeshikilia chuma bila chochote usoni ndiye huumia kuliko fundi mwenyewe. Uliza aliketi wapi.

Ile ya mwangaza unaoonekana msiidharau pia. Konea na lenzi ya jicho haziruhusu UV nyingi kufika nyuma ya jicho lakini mwanga wa kawaida, hasa ule wa bluu, unapita mpaka retina, na retina haina mchanga wala machozi ya kukuonya. Mtu anakuja tu siku moja anasema kuna doa katikati ya kila herufi anayosoma. Hapo sina matone ya kumpa.

---

Mzee_wa_Rodi:

Asante binti yangu, hiyo ya maziwa nimeiona miaka yote na sikuwahi kuipenda. Kuhusu mgongoni, huko Kariobangi karakana zimebanana, jirani akiwasha mashine ukuta wako wote unamulika.

Lakini fizikia hujajibu. Helmeti ikiwa imechoka inatia giza kidogo tu, mtu atajuaje? Glasi yangu namba 11 ni namba 11 asubuhi na jioni.

---

fizikia_254:

Hapo Mzee umenibana na una haki. Glasi ya kawaida haiwezi kufeli ikawa wazi, na kama kazi ni ya kukaa mahali pamoja unaweldi tu mshono mrefu, mimi binafsi naona hakuna sababu ya kumtoa mtu kwa glasi yake. Otomatiki inashinda pale kwa taki nyingi, grili hivi, kwa sababu mtu haifunui, na hiyo ndiyo ile tabia uliyolalamikia wewe mwenyewe.

Kuhusu namba za shedi: kila ukiongeza moja mwanga unagawanywa kwa karibu 2.7. Shedi 4, ile ya kijani kabla hujawasha, inapitisha kama asilimia 5. Shedi 11 inapitisha kama asilimia 0.005, yaani sehemu tano kwa laki moja. Kwa hivyo kati ya 8 na 11 sio "kidogo tu", ni karibu mara 20. Kwa rodi za gauji 12 na grili za kawaida shedi 10 inatosha watu wengi, 9 kama mashine imewekwa chini, mkipanda rodi nene na ampia kubwa mnapanda na kidude.

Ndani ya katriji huwa kumeandikwa kitu kama 4/9-13, halafu alama ya mtengenezaji, halafu tarakimu nne kama 1/1/1/2, halafu EN 379, hiyo ni standadi ya Ulaya ya vioo vya otomatiki. Nne ni shedi ikiwa wazi, 9-13 ni ikiwa giza. Zile nne za mkia ni alama za ubora, 1 ndiyo bora kabisa, 3 ndiyo mbaya. Ya kwanza ni usafi wa picha, ya pili ni mwanga kutawanyika kama ukungu, ya tatu ni kama giza liko sawa kioo kizima, ya nne ni kama giza linabaki sawa ukiangalia kwa pembe.

Hiyo ya nne ndiyo inatenganisha helmeti ya bei na ya elfu tatu. Molekyuli zikisimama wima zinazuia vizuri ukiangalia moja kwa moja, lakini ukiangalia kwa upande, yaani unainua macho kutazama mshono juu ya kichwa, mwanga unazipita kwa mshazari na zinaugeuza kidogo, upande mmoja wa kioo unapauka. Dawa yake ni kuongeza filamu nyingine ya fidia, na aina moja nzuri ya hizo filamu imetengenezwa kwa fuwele kioevu zenye molekyuli bapa kama sahani badala ya ndefu, zile mwanafizikia S. Chandrasekhar na wenzake walizigundua Bangalore, India, mwaka wa 1977. Zinapakwa kwa plastiki zikiwa kimiminika, zinapangwa, halafu zinagandishwa zikiwa vile vile. Zimetumika sana kwa screen za kompyuta kwa sababu hiyo hiyo ya kuangalia kwa pembe. Helmeti ya bei ya chini haiwekewi, ndiyo maana mtu anasema "hii kioo iko na kivuli upande mmoja". Sio ugonjwa wa macho yake.

Kumbuka maandishi ni wino, mtu yeyote anaweza kuchapisha EN 379. Sasa kupima. Hizi sio vipimo vya maabara, zikifeli umepata jibu, zikipita bado hujapata cheti.

Infraredi kwanza. Rimoti ya TV, kamera ya mbele ya simu. Bonyeza rimoti ukiielekeza kwa kamera, utaona kitaa kidogo cha zambarau ambacho jicho halioni. Sasa weka kioo cha helmeti katikati, helmeti ikiwa imezimwa, kioo kijani. Kitaa kinatakiwa kipotee. Kama bado kinawaka vizuri glasi ya mbele haina kazi ama haiko kabisa.

Halafu UV. Nenda kwa mtu wa M-Pesa mwenye ile taa ya kuangalia noti feki. Karatasi nyeupe ya fotokopi chini ya hiyo taa inang'aa bluu. Weka kioo cha helmeti kati ya taa na karatasi, mahali penye kivuli, karatasi inatakiwa ife kabisa, hakuna kung'aa. Ikibaki inang'aa, usifikirie mara mbili, hiyo helmeti ni ya kuchezea watoto, na hata watoto nawaonea huruma.

Na sensa: mbele ziko mbili ama nne, zile vitobo vidogo vya kuhisi mwanga wa arki. Kijana akiweldi ndani ya kona ya geti bomba likaziba sensa, kioo kinafunguka katikati ya kazi. Hiyo sio feki, ni sensa imefunikwa. Wafute vumbi hapo, na kidude cha wepesi wa kuhisi wasikiweke chini kabisa.

Kitu cha mwisho, joto. Fuwele kioevu ikipita joto lake fulani inaacha kuwa fuwele, inakuwa maji ya kawaida, mpindo unaisha. Kwa seli hizi helmeti inaweza kuwa nyeusi yenyewe bila arki yoyote, ikipoa inarudi. Ukiona hivyo ujue imeanikwa mahali pabaya.

---

Geti_na_Grili:

Nimerudi na majibu. Dada wa M-Pesa alicheka lakini akanipa taa. Zote mbili karatasi ilikufa, haing'ai hata kidogo. Rimoti pia kitaa kilipotea kwa zote. Nikashukuru Mungu hapo.

Kalkuleta ndio ilikuwa na story. Helmeti ya yule aliye sawa iko nyeusi kote. Ya aliyeumia iko na kipande kona ya chini, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi hivi, hakitii giza, kiko rangi ya chai kama vile Luthuli alisema. Na kwa boksi ni mpya! Nikauliza, wakaangaliana, mwishowe mwenzake akasema huwa inawekwa juu ya vipande vilivyotoka kukatwa, bado moto, kwa sababu hapo ndio karibu na mkono.

Na kuhusu kuketi. Yeye huketi mlangoni akiangalia ndani, mgongo wake umeelekea karakana ya jirani ambaye anachomelea matangi siku nzima, hakuna ukuta ni nguzo tu. Juu ya hiyo huwa na kofia iliyoangalia nyuma, kwa hivyo helmeti haikai chini vizuri, nyuma na kando kuna nafasi ya kuingiza ngumi.

---

Dada_wa_Macho:

Basi umepata. Geuza kiti chake leo. Ile doa la kona halikumletea mchanga, lakini shedi hapo huijui, na akiinama mwanga mkali unaweza kupitia hapo hapo.

---

fizikia_254:

Kubaliana na daktari. Hiyo katriji itoe kwa kazi kabisa, usimpe mwingine ati "atavumilia".

---

Mzee_wa_Rodi:

Na jirani mwombeni mfunge turubai nzito kati yenu, ile nene ya lori, sio neti wala plastiki ya kuona kupitia. Mabati mapya yaliyo ukutani yapake rangi isiyong'aa maana nayo yanarudisha moto. Mpaka katriji ifike kijana atumie glasi yangu, ninayo ya ziada, shika namba yangu kwa inboksi.

---

Geti_na_Grili:

Mzee asante sana, naja kuichukua. Turubai nimeongea na jirani, ananunua nusu mimi nusu.

---

Luthuli_Screens:

Hiyo katriji iliyochoka usitupe basi, niletee nikipita huko Jumamosi. Hiyo glasi ya mbele bado ni poa na kuna msee wa kamera ananiuliza infraredi filta kila wiki.

---

Geti_na_Grili:

Ukuje nayo chai.